Kikosi cha ubingwa kwenye ligi ya hoki ya kompyuta: anza na kalenda

Kabla hujamnunua mchezaji hata mmoja, chukua daftari uandike tarehe tatu: siku kamishna wa ligi yenu anapobadilisha alama za wachezaji, siku dirisha la kubadilishana wachezaji linapofungwa, na mwaka ambao mikataba ya wachezaji wako watano wa bei ghali inakwisha. Mameneja wengi huanza na majina. Mtu anapewa timu leo, kesho anaona nyota Connor McDavid yuko kwa fulani, basi mwezi mzima unapita akimbembeleza huyo fulani amwachie. Timu yangu ilichukua kombe bila hata mchezaji mmoja ambaye binamu yangu aliwahi kumsikia, na huyo binamu hoki anaifuatilia kuliko masomo yake.

Tuelewane kwanza tunazungumzia nini. Hoki yangu ni ya barafu, si ile ya nyasini wanayocheza pale Mombasa Sports Club. Barafu yenyewe huku Pwani tunaijua ya kulazia samaki. Uwanja wa kuteleza uko Nairobi, Hoteli ya Panari, ulifunguliwa 2005, na ndipo Kenya Ice Lions wanapofanyia mazoezi. Mimi sijaukanyaga. Ninachocheza ni ligi ya mtandaoni ambamo kila meneja ana timu yenye jina la timu ya NHL, ligi kuu ya hoki ya Marekani na Kanada, wachezaji ni wale wale wa kweli, na mechi huchezwa na programu. Ligi yetu hutumia Simon T Hockey Simulator, wenyewe tunaiita STHS. Unapanga laini zako, yaani vikundi vya wachezaji wanaoingia uwanjani pamoja, unatuma faili, na kamishna anaendesha mechi zote kwa pamoja saa nne usiku za huko kwao mashariki mwa Kanada. Hapa Mombasa hiyo ni saa kumi na mbili asubuhi wakati wa baridi yao, na saa kumi na moja wakishasogeza saa zao mwezi Machi. Kwa hiyo matokeo huyapata nikiwa jikoni, chai iko motoni, kabla sijatoka Mikindani kupanda matatu ya kwenda kazini Shimanzi. Kazi yangu ni ukarani wa kutoa mizigo bandarini, na nitaeleza baadaye kwa nini hilo linahusika.

Ukicheza gemu nyingine ya umeneja wa hoki, mengi ya haya yatakufaa vilevile. Herufi za alama ndizo zitakazobadilika.

Usisome OV peke yake

Kila mchezaji ana mstari wa alama, na mwisho wa mstari kuna OV, alama ya jumla. OV ni hesabu tu ya alama nyingine zikichanganywa, na kamishna anaweza kuibadilisha hesabu hiyo apendavyo. Kompyuta inapocheza mechi hutazama zile alama ndogo ndogo, na huko ndiko bei na thamani zinakoachana.

Msimu uliopita binamu yangu wa Kisauni, ambaye ana timu kwenye ligi hii hii, alinipigia simu usiku. "Dada, nimepata winga ana 74, na jamaa anataka chaguo la raundi ya pili tu!" Chaguo ni zamu ya timu ya kuchukua chipukizi kwenye drafti.

"Nisomee mstari wote, mdogo wangu."

Akaanza: SC 80, SK 76, PA 70. Yaani anafunga, anateleza vizuri, pasi zake si mbaya. Mpaka hapo sawa. Akaendelea: DF 52, DI 44, EN 57. Nikamwambia amwache alipo.

DF ni ulinzi. Winga mwenye 52 ukimweka laini ya kwanza, mabao mawili anayofunga yanarudi matatu langoni kwako. DI ni nidhamu. Mwenye 44 atakuwa anakaa kwenye kibanda cha adhabu dakika mbili mbili, na huku wenzake wanacheza wanne dhidi ya watano. EN ni pumzi. Hii ndiyo alama inayodharauliwa kuliko zote, kwa sababu haionekani kwenye takwimu za mabao. Mwenye EN 57 akipewa dakika nyingi anachoka, na mchezaji aliyechoka si yule tena uliyemsoma kwenye karatasi. Maana yake winga huyo wa 74 hawezi kutumika kama 74. Ni wa laini ya nne kwa bei ya laini ya pili.

Usiku ule ule tulimtafutia mwingine mwenye OV 70: DF 74, DI 83, EN 78, SC 66. Mwenye naye alikuwa hata hamtaki, akaridhika na chaguo la raundi ya nne. Hao ndio ninaowatafuta mimi, watu wa 69 hadi 72 wasio na shimo kwenye mstari wao. Mchezaji asiye na shimo kompyuta haina pa kumwadhibu.

Senta angalia na FO, alama ya kugombea paki mchezo unapoanzishwa upya. Paki ni kile kisahani cheusi cha mpira wanachokigombania. Chini ya 65 simpi mtu usenta wa laini mbili za juu, hata kama anafunga kama mvua. DU ni uimara wa mwili. Mwenye DU ya chini ni majeruhi mtarajiwa. FG, alama ya kupigana, sahau kabisa. Kuna mameneja wanaipenda kwa sababu ya video za zamani za ngumi. Waache waipende, na wewe wauzie.

Nunua alama za mwakani

Hapa ndipo tarehe ya kwanza inapofanya kazi, na hapa ndipo nakaa muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote ya umeneja.

Ligi nyingi za aina yetu hazina alama za kubuni. Kila kiangazi kamishna huzitengeneza upya kutokana na takwimu za msimu halisi wa NHL uliomalizika. Mabao huwa SC, pasi za mabao huwa PA, dakika za adhabu huwa DI, muda wa kuwa uwanjani huwa EN, mechi alizocheza huwa DU. Sasa fikiri. Mchezaji unayemwona Januari kwenye ligi yenu amevaa alama za mwaka jana. Yule wa kweli, aliye Denver au Winnipeg, anacheza za mwaka huu. Kati ya Januari na kiangazi kuna miezi ambayo wewe unaweza kujua na mwenzako hajatazama.

Mimi hutazama vitu viwili kwenye takwimu za NHL, mara moja kwa wiki, Jumapili baada ya kufua. Cha kwanza ni dakika. Kijana aliyekuwa akicheza dakika 12 mwezi Oktoba, na sasa anacheza 17, kocha wake wa kweli ameshaona kitu. Mabao yanaweza kuchelewa kuja, lakini EN yake ya mwakani tayari imepanda, na mara nyingi SC na PA huifuata. Huyo mwandikie mwenye naye Februari, si Juni. Juni kila mtu atakuwa ameona.

Cha pili ni asilimia ya mashuti yanayoingia. Wastani wa wachezaji wa NHL ni karibu moja kati ya kumi. Mtu akifunga robo ya mashuti yake msimu mzima, usimnunue. Ukiwa naye, muuze. Mfano mzuri ni William Karlsson. Msimu wa 2016-17 alifunga mabao 6 akiwa Columbus. Akahamia Vegas, timu ndiyo kwanza inaanza, na 2017-18 akafunga 43, mashuti yake yakiingia kwa asilimia 23. Kwenye ligi yoyote inayofuata takwimu, kiangazi cha 2018 alikuwa mfalme. Msimu uliofuata akafunga 24. Ni mchezaji mzuri, sisemi si mzuri, lakini aliyemnunua kiangazi kile alilipia mabao 19 ambayo hayakurudi. Vilevile Sam Reinhart wa Florida: 57 mwaka 2023-24 kwa asilimia zaidi ya 24, kisha 39. Kwa mwenye timu, wakati wa kumuuza mtu kama huyo ni siku alama mpya zinapotoka, kila mtu anapompigia makofi.

Majeruhi ni habari nyingine. Mchezaji aliyecheza mechi 30 tu alama zake zitaporomoka, na mwenye naye atakuwa amekata tamaa. Nikita Kucherov hakucheza mechi hata moja ya msimu wa kawaida wa 2020-21 baada ya kufanyiwa upasuaji wa nyonga. Akarudi kwenye mtoano akaongoza kwa pointi, 32, na mwaka 2023-24 alipata pointi 144. Sasa uliza kamishna wenu: mtu wa namna hiyo mnamhesabu vipi? Kuna ligi hutumia wastani wa misimu miwili au mitatu, kuna nyingine hurudia alama za mwaka uliotangulia, na kuna zinazomwacha aanguke. Jibu hilo peke yake linaweza kukupa nyota kwa bei ya mchezaji wa akiba. Wengi hawaulizi kwa sababu kanuni zimeandikwa kurasa nyingi na hakuna anayesoma ukurasa wa mwisho.

Mikataba: chagua miaka mitatu

Ligi zenye kikomo cha jumla ya mishahara ya timu mara nyingi hufuata kile cha NHL: dola milioni 88 msimu wa 2024-25, milioni 95.5 msimu wa 2025-26, na kwa 2026-27 NHL ilitangaza mapema milioni 104. Kabla ya hapo kilikwama milioni 81.5 misimu mitatu mfululizo kwa sababu ya korona. Piga hesabu. Mshahara wa milioni 10 ulikuwa zaidi ya asilimia 12 ya kikomo cha milioni 81.5. Kwenye milioni 104 haufiki asilimia 10. Basi kikomo kikiwa kinapanda, mkataba mrefu wa mtu wa miaka 24 unazidi kuwa rahisi kila mwaka, nawe hujafanya lolote. Mkataba mrefu wa mtu wa miaka 31 haukombolewi na kikomo. Umri unamshusha haraka kuliko kikomo kinavyopanda.

Bandarini kontena lina siku zake za bure. Zikiisha, gharama ya kuhifadhi inaanza kuhesabiwa kila siku, mzigo uwe dhahabu au mitumba. Mkataba wa mchezaji nausoma hivyo hivyo: naangalia siku zake za bure zinaisha lini, yaani mwaka gani mshahara utakuwa mkubwa kuliko alama zake, na ninapanga awe ameshatoka langoni kwangu kabla ya siku hiyo.

Kwa vitendo, fanya hivi. Andika wachezaji wako wote, na mbele ya kila mmoja umri, mshahara, na mwaka wa mwisho wa mkataba. Tafuta miaka mitatu mfululizo ambayo wengi walio bora watakuwa kati ya miaka 22 na 28 huku wakilipwa kidogo. Hiyo ndiyo miaka yako ya kombe. Kila mkataba unaovuka hapo kwa mtu mzee, uuze sasa. Kila kijana atakayeiva baada ya hapo, hata akiwa na kipaji cha kutisha, naye ni wa kuuzwa, kwa sababu hatakusaidia. Hili la pili ndilo linalowauma watu. Binamu yangu ana vijana wa miaka 18 anaowalea kama kuku wa mayai, na amewalea tangu aingie ligini.

NHL yenyewe imejaa mifano. Chicago walipochukua kombe 2010, Jonathan Toews na Patrick Kane walikuwa bado kwenye mikataba yao ya kwanza, ile ya miaka mitatu ya chipukizi. Kiangazi hicho hicho mikataba mipya ya milioni 6.3 kwa kila mmoja ikaanza kuhesabiwa, na timu ikalazimika kuwaachia Dustin Byfuglien, Andrew Ladd, Kris Versteeg na kipa Antti Niemi. Watu huisema kama hadithi ya huzuni. Mimi naona walifanya sawasawa: waliutumia mwaka wa bei nafuu, wakakubali kulipa, na wakachukua tena 2013 na 2015.

Kinyume chao, Edmonton walichagua wa kwanza kwenye drafti ya chipukizi miaka ya 2010, 2011, 2012 na 2015. Kombe lao la mwisho ni la 1990.

Laini ya tatu

Tampa Bay msimu wa 2018-19 walishinda mechi 62 za kawaida. Kucherov, Steven Stamkos, Brayden Point, kipa Andrei Vasilevskiy, wote walikuwepo. Kwenye raundi ya kwanza ya mtoano wakatolewa na Columbus kwa mechi nne bila jibu. Msimu uliofuata hawakununua nyota. Februari 2020 walimchukua Blake Coleman kutoka New Jersey na Barclay Goodrow kutoka San Jose, na katika bei ya kila mmoja mlikuwa na chaguo la raundi ya kwanza. Watu walishangaa, chaguo la kwanza kwa mtu wa laini ya tatu? Coleman alikuwa akilipwa milioni 1.8, Goodrow hata milioni moja hafiki, na mikataba yote miwili ilikuwa inafika 2021. Wakawekwa pamoja na Yanni Gourde. Kombe 2020, kombe 2021.

Tazama ile tarehe: 2021. Hawakununua wachezaji wawili, walinunua misimu miwili ya mtoano kwa mshahara ambao kikomo hakiusikii.

Kwenye STHS hili lina nguvu zaidi, kwa sababu wewe mwenyewe unagawa muda. Mpangilio wa kawaida wa laini nne za washambuliaji ni asilimia 40, 30, 20 na 10. Wengi hawaugusi. Ukiacha 40 kwa laini ya kwanza unawachosha watu wako bora na unampa mpinzani nafasi ya kuwakamia. Mimi huwa na 31, 28, 25 na 16. Hilo linawezekana tu kama laini yako ya tatu haina mashimo, na ndiyo sababu nilikwambia utafute wale watu wa 70. Timu tuliyokutana nayo kwenye fainali ilikuwa na laini ya kwanza bora kuliko yangu kwa mbali. Laini yao ya tatu na ya nne, kwa pamoja, ilikuwa ya kujazia nafasi tu.

Kila laini pia hupewa pointi 5 za kugawa kati ya nguvu, ulinzi na ushambulizi. Laini ya tatu ninaipa 1, 3, 1. Ya kwanza 0, 2, 3. Usifike kwenye 0, 0, 5, utapata mabao mengi na usingizi mchache. Mabeki jozi ya kwanza wawe na EN ya juu kuliko mtu yeyote kikosini, kwa sababu hao ndio watakaocheza pia mkiwa pungufu. Hayo yakitosha, usibadilishe laini kila asubuhi kwa sababu mmefungwa jana. Mechi moja ya kompyuta haina maana yoyote. Mechi 15 ndiyo huanza kuzungumza.

Kipa

Kipa ni nusu ya timu, kila mtu anasema hivyo, na kwenye mchezo wa kompyuta ni kweli kupita kiasi. Hapo hapo ndipo watu wanapopotezea pesa. Jordan Binnington alipochukua kombe na St. Louis 2019 mshahara wake ulikuwa dola 650,000. Adin Hill wa Vegas, 2023, ni kama milioni 2.2. Mtaniambia Sergei Bobrovsky: milioni 10 kwa mwaka, na Florida wakachukua 2024 na 2025. Sawa, lakini mkataba huo ulianza 2019. Nani kwenye ligi yenu atakuvumilia misimu minne?

Makipa hupanda na kushuka mwaka hadi mwaka kuliko wachezaji wengine, kwa hiyo alama zao mpya nazo huyumba. Usimfunge kipa kwa miaka mingi. Nunua wawili wenye alama zinazokaribiana, mikataba mifupi, na mwezi wa Machi ukiwa na nafasi chini ya kikomo mchukue aliye bora kutoka kwa timu iliyokwisha kata tamaa. Kwenye mstari wa kipa mimi huangalia RT, wepesi wa kuitikia shuti, na RB, namna anavyoidhibiti paki inayorudi, kabla ya OV. Na EN yake pia, kwa sababu kipa mwenye pumzi fupi hataweza mechi 60.

Kuzungumza na wenye timu

Ligi yetu ina watu wa Québec, Ontario, Finland, mmoja Ufaransa, na sisi wawili wa Mombasa. Ujumbe mrefu hakuna anayesoma. Andika mistari mitatu: unataka nani, unatoa nani, na shida gani ya kwake unamtatulia. Sehemu ya tatu ndiyo inayouza. "Una mabeki sita wa kushoto na mikataba minne inaisha kiangazi hiki, mimi nitachukua mmoja mwenye mshahara mkubwa." Mtu akiona umesoma kikosi chake, atakujibu hata kama ni kukataa.

Tuma ombi akiwa amefungwa mechi nne tano mfululizo. Nami nikiwa nimefungwa sijibu ombi lolote kwa siku mbili. Ni kanuni yangu, na mume wangu ndiye anayeisimamia.

Usimdanganye mtu kuhusu majeruhi au kanuni. Ligi ni ya watu thelathini na kidogo, na wanakumbuka. Kunyamaza kuhusu dakika ulizoziona kwenye takwimu si udanganyifu. Takwimu ziko wazi, naye ana macho.

Chaguo za drafti kwangu ni sarafu. Chaguo la leo linaweza kukupa mtu kama Point, aliyechukuliwa wa 79 mwaka 2014, au Kucherov, wa 58 mwaka 2011. Na linaweza kukupa Nail Yakupov, aliyekuwa wa kwanza kabisa 2012 na hakudumu NHL. Miaka yako ya kombe ikiwa imefika, yote yaende. Ikiwa bado iko mbali, kusanya, hasa ya timu zinazoelekea kuharibika. Utazijua kwa umri wa mabeki wao.

Timu ya akiba sitaichambua sana. Hakikisha tu unajua ni nani anaweza kushushwa huko bila kwanza kuwekwa kwenye orodha ambayo timu nyingine zinaweza kumchukua bure. Kila Oktoba kuna meneja anayepoteza beki mzuri kwa njia hiyo, na kila Oktoba mimi nimekaa kwenye orodha hiyo namngoja.

Siku ya mwisho, na baada ya kombe

Dirisha la NHL hufungwa saa tisa mchana za New York, ambayo ni usiku kwetu, na ligi nyingi huweka siku yao karibu na hiyo. Biashara zako kubwa zimalize wiki moja kabla. Usiku wenyewe uuache kwa vitu vidogo: kipa wa pili, senta mwenye FO ya juu wa laini ya nne, beki wa saba. Stima huku haina adabu, kwa hiyo chaji simu, weka bando, na uwe umeshatuma faili ya laini mapema. Nimewahi kumaliza biashara nzima kwenye simu, gizani, mbu wananila, na mwenzangu wa Québec hakujua.

Ukichukua kombe, sherehekea siku moja. Siku ya pili kikosi chako ndicho kinachotamaniwa kuliko vyote ligini, na alama mpya bado hazijatoka. Fungua daftari, angalia nani siku zake za bure zimebaki mwaka mmoja, na uanze kuandika. Coleman, Goodrow na Gourde wote waliondoka Tampa kiangazi kile kile cha 2021. Mimi nilianza na winga wangu wa miaka 30 aliyekuwa ameongoza kwa mabao, nikamwandikia yule meneja tuliyemfunga fainali, kwa sababu ndiye aliyekuwa amemwona kwa karibu. Alijibu kabla sijafika Makupa.